WAKARUIGI: KIJANA WA KABETE ALIYEYASOMA MAWE YA BONDE LA UFA

Katika toleo hili nimeona niviache kando visa vya Sungura na Fisi, niwasimulie maisha ya mtu ambaye jina lake tunalikuta katika kila kitabu cha historia, ila habari zake hatuzijui vizuri. Mtu huyo ni Dakta Louis Leakey. Wengi wetu tunakariri tu kwamba yeye na mkewe walichimba Olduvai, tunaandika hivyo kwenye mtihani, tunapata maksi yetu moja, basi. Mimi nasema kisa chake kinaanzia karibu na kwetu kuliko Olduvai, tena kinaanza na kitu ambacho kila anayekaa hapa Olkaria amewahi kukikanyaga.

Kitu chenyewe ni lile jiwe jeusi linalong'aa kama kipande cha chupa. Wataalamu huliita obsidiani. Ni kioo kilichotengenezwa na volkano: uji wa moto ulitoka ardhini, ukapoa upesi mno, ukaganda ukiwa laini bila chembechembe. Ukilivunja vizuri linatoa makali ya kupita kisu cha jikoni. Watu wa kale walilijua sana. Walikaa karibu na maziwa yetu, wakalichonga, wakalibeba, na wengine wakalipeleka mbali.

Leakey alizaliwa tarehe 7 Agosti 1903 huko Kabete, nje kidogo ya Nairobi, ambako wazazi wake walikuwa wamisionari wa Kianglikana. Alikua pamoja na watoto wa Kikuyu. Kikuyu alikisema kama mwenyeji, akaingia jandoni na wenzake, akajijengea nyumba yake mwenyewe kama walivyofanya vijana wa rika lake, na akaitwa Wakaruigi, jina linalohusiana na mwewe. Shule ya kawaida hakuiona sana. Mambo ya porini ndiyo yaliyokuwa shule yake: kutega, kunyatia mnyama, kukaa kimya saa nzima bila kukohoa.

Alipokuwa na miaka kama kumi na miwili hivi, alipewa zawadi ya kitabu kuhusu watu wa zama za mawe. Akakisoma, kisha akatoka nje kutafuta zana za mawe. Kitabu kilizungumzia mawe ya Ulaya, ambayo Kabete hayapo, lakini yeye akaanza kuokota vipande vya obsidiani kwenye kingo za barabara na mahali palipomomonyolewa na mvua. Wakikuyu walivifahamu vipande hivyo, na waliviita nyembe za mizimu. Nyumbani walimwona mtoto anayekusanya chupa zilizovunjika. Hakujali. Akavipeleka kwa Arthur Loveridge, mtunzaji wa kwanza wa jumba la makumbusho la Nairobi, naye akamthibitishia kwamba baadhi vilichongwa na mikono ya watu.

Hapo ndipo pa kusimama kidogo. Kabete hakuna mlima uliotapika kioo cha namna hiyo. Kilibebwa kutoka huku Bonde la Ufa, ambako milima ya pande za Naivasha na Eburru ndiyo ghala lake kubwa. Siku hizi wataalamu hupima madini yaliyomo ndani ya kipande, wakaweza kutaja mlima kilikotoka, kwa sababu kila mlima una mchanganyiko wake. Yaani jiwe linajua kwao. Lakini ili likwambie limesafiri, ni lazima nawe ujue uliliokota wapi. Naomba msomaji aliweke neno hilo akilini, maana ndilo lililokuja kumtesa Leakey.

Mwaka 1922 alikwenda Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza. Mwaka uliofuata aliumia kichwani akicheza raga, akapata maumivu makali hata akaamriwa apumzike masomo. Mwenzetu akiumia hivyo hurudi nyumbani kulala. Leakey alipata kazi ya kwenda Tendaguru, kule Lindi kusini mwa Tanganyika, pamoja na msafara wa makumbusho ya Uingereza uliokwenda mwaka 1924 kutafuta mifupa ya dinosaria. Wajerumani walikuwa wameshachimba hapo kati ya mwaka 1909 na 1913, na mnyama mkubwa sana kutoka kilima hicho amesimama katika jumba la makumbusho la Berlin mpaka leo. Mifupa yake ilibebwa vichwani na mabegani mwa wapagazi kwa miguu mpaka pwani. Msimamizi mashuhuri wa wachimbaji alikuwa Boheti bin Amrani. Mkuu wa msafara wa Kiingereza, W. E. Cutler, alifariki kwa malaria mwaka 1925.

Ni Tendaguru Leakey alikojifunza kwa mikono yake mfupa wa kale unavyotolewa ardhini: unavyofagiliwa kwa brashi, unavyopakwa dawa usivunjike, unavyofungwa kwa plasta kama mguu wa mgonjwa. Na mimi hapa nieleze kidogo jinsi mfupa unavyogeuka jiwe, kwa sababu kuna wanaodhani kila mfupa ukikaa sana unakuwa kisukuku. La hasha. Mnyama akifa mbugani, fisi wanakuja, tai wanakuja, jua na mvua vinamaliza kazi. Baada ya miaka michache hakuna kitu. Ili mfupa ubaki, unatakiwa ufunikwe upesi: na tope la ziwa, na mchanga wa mto, au na jivu la volkano. Halafu maji yanayopenya ardhini, yenye madini yaliyoyeyuka, yanaingia katika vitundu vidogo vidogo vya mfupa, yanaacha madini humo, polepole, miaka elfu kwa elfu, hadi mfupa unakuwa mzito kama jiwe lakini sura yake ni ile ile. Hata aina ya udongo ina neno. Udongo wenye asidi wa misitu ya mvua huula mfupa. Jivu la volkano zetu mara nyingi lina magadi na chokaa, na hiyo ni bahati ya mfupa.

Na bado haitoshi. Kisukuku kikibaki chini kabisa nani atakiona? Ardhi sharti ipasuke, upande mmoja uinuke, mwingine udidimie, kisha mvua ikwangue. Haya yote Bonde la Ufa linayafanya lenyewe. Moto unamwaga jivu, maziwa yanaweka tope, ufa unapasua, mvua inafunua. Moto ule ule ulio chini ya miguu yetu ndio unaochemsha maji yanayozungusha mitambo ya umeme wa Olkaria tangu mwaka 1981.

Leakey alimaliza masomo Cambridge mwaka 1926 kwa alama za juu kabisa, na mwaka huo huo akarudi Kenya akiongoza msafara wake wa kwanza. Alikuwa na miaka 23 tu! Wakubwa wengine walimshauri asipoteze wakati Afrika, kwa kuwa waliamini binadamu alianzia Asia. Yeye akaja moja kwa moja Nakuru na Elmenteita. Katika pango liitwalo Gamble's Cave, kwenye shamba la mlowezi, yeye na watu wake walichimba tabaka baada ya tabaka wakakuta vyuma vya kale, samahani, nyembe za kale, maana ni obsidiani tupu, kwa maelfu. Mwaka 1928 pakajulikana Kariandusi, ambako hata mashoka ya mkono mengine yamechongwa kwa obsidiani. Mashoka hayo sasa yanakadiriwa kuwa na umri wa kati ya miaka laki saba na milioni moja.

Ukifika Kariandusi utaona pia jiwe jeupe laini kama chaki. Hilo ni diatomaiti. Limetokana na maganda ya mimea midogo ya majini, midogo hata jicho halioni, iliyokufa na kuzama chini ya ziwa kwa wingi usiohesabika. Kwa hiyo kilima kile cheupe chote ni visukuku. Kinatueleza kwamba pale penye vumbi leo palikuwa na ziwa. Leakey alizifuata pia alama za fukwe za zamani zilizoachwa juu kwenye kingo za bonde, akasema Nakuru na Elmenteita yaliwahi kuwa ziwa moja kubwa. Hilo lilikuwa kweli. Yapata miaka elfu tisa iliyopita maji yalisimama karibu mita 180 juu ya Ziwa Nakuru la leo, na Ziwa Naivasha nalo lilifurika likatokea kusini kupitia korongo letu la Ol Njorowa, lile la Hell's Gate. Kumbe korongo tunalokwenda kwa matembezi ya shule lilichongwa na maji! Leakey akapanga nyakati za mvua nyingi za Afrika nzima akizipa majina ya huku kwetu, mojawapo kwa jina la Gamble. Mpango huo baadaye ulikataliwa, kwa kuwa mvua ya Elmenteita si lazima iwe mvua ya bara zima. Huyu bwana alikuwa na tabia hiyo: akiona kitu kidogo anakimbia nacho mbali.

Mwaka 1931 ndipo alipofika Olduvai mara ya kwanza, pamoja na Mjerumani Hans Reck. Reck alikuwa amepata hapo mwaka 1913 mifupa ya mtu mzima katika tabaka la kale sana, na alishikilia kwamba hapakuwa na zana za mawe. Leakey akaweka dau la pauni kumi kwamba atapata zana kabla siku haijaisha. Akashinda. Lakini kuhusu yule mtu wa Reck, Leakey naye aliamini ni wa kale, na wakakosea wote wawili. Ilikuwa maiti iliyozikwa miaka mingi baadaye, kaburi likachimbwa likaingia ndani ya tabaka la zamani. Mfupa ulikuwa mahali pasipo pake.

Ole, somo hilo halikumwingia mapema. Mwaka 1932, kule Kanam na Kanjera, karibu na Ghuba ya Winam katika Ziwa Victoria, kikosi chake kilipata mafuvu, na Juma Gitau akapata kipande cha taya. Leakey akautangazia ulimwengu kwamba huyu ndiye babu wa watu wa leo, mkongwe kuliko wote. Wataalamu wa London wakampongeza. Mmoja wao, mwanajiolojia Percy Boswell, akawa na shaka, akasema atakuja aone mwenyewe pale taya lilipotoka. Akaja mwanzoni mwa 1935. Leakey alikuwa ameweka vigingi vya chuma. Vigingi havikuwapo tena. Wenyeji walivichukua kwa matumizi yao, na nani atawalaumu, chuma ni chuma. Picha aliyoionyesha kama ya mahali penyewe, ikaonekana ni ya mahali pengine. Mvua nayo ilikuwa imebadilisha ardhi. Wakazunguka, wakatafuta, hawakupata. Mwezi Machi mwaka huo Boswell aliandika katika jarida la *Nature* kwamba ushahidi huo haufai.

Hebu fikiria. Taya lipo, unaweza kulishika mkononi, meno unayaona. Lakini halisemi kitu. Mjomba wangu alifanya kazi kwenye mitambo ya kuchimba visima vya mvuke, na kazi yake ilikuwa kukusanya vipande vya mawe vinavyoletwa juu na maji kutoka chini. Kila mita chache anajaza kifuko, anaandika nambari ya kisima na kina. Aliniambia kwamba kifuko kisichoandikwa kina kinatupwa, hata kama kina jiwe zuri namna gani. Nilipokuwa nikisoma habari za Kanam nilimkumbuka sana.

Wakati huo huo ndoa ya Leakey na mkewe wa kwanza, Frida, ilivunjika, kwa sababu alimpenda Mary Nicol, msichana fundi wa kuchora zana za mawe. Cambridge ikamfungia milango. Walioana mwaka 1936, wakarudi Kenya karibu mikono mitupu. Maoni yangu ni kwamba Mary ndiye aliyemwokoa Louis, tena si kwa mapenzi peke yake. Mary alikuwa mtu wa kamba na kipimo. Mwaka 1937 alianza kuchimba Hyrax Hill, hapa Nakuru, akichora kila jiwe mahali lilipolala. Louis alikuwa na macho na maneno; Mary alikuwa na subira. Mwaka 1942 walipata Olorgesailie, ambako mashoka ya mawe yalitapakaa kama viazi shambani, na wakayaacha mengi pale pale yalipo, ili wageni wayaone hivyo hivyo. Ukienda leo utayakuta.

Siwezi kuruka miaka ya Hali ya Hatari, ingawa wengine wangetaka niruke. Leakey aliyejiita Mkikuyu aliandika vitabu vya kuwapinga Mau Mau, na katika kesi ya Mzee Jomo Kenyatta kule Kapenguria alikaa upande wa serikali kama mkalimani, hadi mawakili wa utetezi walipolalamika akajiondoa. Wazee wengi hawakumsahau kwa hilo, na mimi sioni sababu ya kuwaambia wasahau. Hata hivyo ndiye aliyeandika mabuku matatu makubwa juu ya mila za Wakikuyu wa kusini, yaliyotoka mwaka 1977 akiwa amekwisha kufa. Mtu mmoja anaweza kuwa na mikono miwili isiyofanana.

Turudi kwenye mawe. Mwezi Oktoba 1948, katika kisiwa cha Rusinga, Mary aliona jino likichungulia kwenye mteremko, na likawa fuvu la Proconsul, nyani mkubwa asiye na mkia, wa miaka kama milioni 18 iliyopita. Rusinga ni muujiza. Volkano ya Kisingiri ilikuwa ikimwaga jivu lenye chokaa nyingi, na jivu hilo lilihifadhi vitu ambavyo kwa kawaida huoza siku hiyo hiyo: matunda, mbegu, wadudu. Kutokana na vitu hivyo tunajua palikuwa na miti na wadudu wa namna gani kabla hata ziwa lenyewe halijakuwapo. Mfupa unakupa mnyama. Mbegu inakupa msitu wake.

Kisha ikaja tarehe 17 Julai 1959, Olduvai. Louis alikuwa kambini na homa. Mary akatoka na mbwa wake, akaona mfupa, akarudi mbio. Lilikuwa fuvu la Zinjanthropus, mwenye magego makubwa ajabu. Safari hii hakuna aliyeuliza lilitoka wapi. Kila kipande kilipimwa na kupigwa picha mahali pake, na juu yake na chini yake kulikuwa na jivu la volkano.

Jivu hilo ndilo lililomlipa Leakey deni la Kanam. Volkano inapolipuka, gesi iitwayo agoni inatoroka kwenye mawe yaliyoyeyuka. Jivu likishapoa, potasiamu ya aina fulani iliyomo inaanza kugeuka agoni upya, kwa mwendo usiobadilika, na agoni hiyo inanaswa ndani ya chembe. Kwa hiyo kila tabaka la jivu ni saa iliyoanza kuhesabu siku ya mlipuko. Leakey alikuwa amekisia kwamba fuvu lina miaka laki sita. Mwaka 1961 wataalamu wa Chuo Kikuu cha California walipima jivu wakapata miaka milioni 1.75. Karibu mara tatu! Umri wa binadamu na ndugu zake ukarefuka kwa siku moja, na macho ya dunia yakageuka kutoka Asia yakaangalia Afrika Mashariki. Fuvu lenyewe liko Dar es Salaam.

Nisingependa msomaji adhani kazi hii ilifanywa na mtu na mkewe tu. Heselon Mukiri, aliyemfahamu Leakey tangu Kabete, alikuwa naye tangu misafara ya mwanzo, na macho yake yaliona mifupa mingi iliyotangazwa kwa majina ya wengine. Mwaka 1993 aina moja ya nyani wa Rusinga ilipewa jina la heseloni kwa heshima yake. Vitabu vyetu vya shule vingeweza kumpa walau mstari mmoja.

Uzeeni Leakey aliwatuma wasichana kuishi na nyani walio hai, mmoja wao Jane Goodall aliyekwenda Gombe mwaka 1960, akitumaini kwamba tabia zao zitaeleza yale ambayo mifupa haisemi. Moyo wake ulikuwa mgonjwa, miguu inauma, lakini safari hazikuisha.

Mwishoni mwa Septemba 1972, mwanawe Richard alimwonyesha fuvu kutoka Koobi Fora, mashariki mwa Ziwa Turkana, ambalo vipande vyake viligunduliwa na Bernard Ngeneo. Lilipewa nambari 1470. Lilikuwa na ubongo mkubwa, na wakati huo jivu lililokuwa juu yake lilidhaniwa kuwa na miaka milioni 2.6. Mzee alifurahi kupita kiasi: hilo ndilo alilokuwa akilisema tangu Kanam, kwamba jamii yetu ni ya kale kuliko watu wanavyokubali. Baada ya siku chache akapanda ndege kwenda London, na huko, tarehe 1 Oktoba, moyo ukasimama. Akarudishwa akazikwa Limuru, karibu na wazazi wake.

Lile jivu la Turkana lilibishaniwa miaka mingi. Lilipopimwa upya, mara hii kwa uangalifu zaidi, likatoa umri wa karibu miaka milioni 1.9. Na kule Kanam alikoaibikia, taya lake halijapata umri wa kuaminika hadi leo. Lakini katika rasi hiyo hiyo ya Homa, mahali paitwapo Nyayanga, mwaka 2023 wataalamu walitangaza zana za mawe za kati ya miaka milioni 2.6 na milioni 3, na safari hii kila moja ilikuwa imeandikiwa mahali ilipotoka.